Mkunjo wa Tatu

Tarehe 3 Machi

Shwaa. Halafu kimya kidogo. Halafu "asante."

Ni sauti hiyo iliyonikalisha niandike leo, Shangazi, hata kabla sijakuamkia. Shikamoo.

Mfanyakazi mwenzangu alikuwa akikunja karatasi kwa rula ya plastiki, na plastiki ilipopita juu ya mkunjo nikajikuta niko chini ya meza yako ya kushonea vitabu, nina miaka saba, nimeketi kwenye kigoda, natazama miguu yako. Ukilaza karatasi. Ukiikunja katikati. Ukipitisha ule mfupa wako mweupe wa kulazia mikunjo, uliokuwa umelainika mpaka unang'aa kama jino, na mkunjo unalala. Shwaa. Kisha unasema "asante," taratibu, kama mtu aliyepokezwa kikombe. Halafu karatasi nyingine.

Nilikuwa nahesabu. Nilichora mistari ya chaki kwenye mguu wa meza, mstari mmoja kwa kila asante, na ndiyo maana ukaniita Karani. Siku moja zilifika mia moja na kumi na mbili kabla ya chakula cha mchana, nikashindwa kuvumilia. "Shangazi, unamshukuru nani?" Hukuacha kazi. Ukasema, "Karatasi kubwa hukunjwa na watu wawili. Mimi niko peke yangu. Basi namshukuru anayenishikia upande wa pili."

Nilitazama upande wa pili wa meza. Sikuona mtu. Lakini nakumbuka nilisogeza kigoda changu nisimzibie njia.

Hapa Maktaba Kuu niko ghorofa ya sita, kwenye chumba cha kutengeneza vitabu vilivyochakaa. Madirisha hayafunguki. Kila mtu ana taa yake, gundi yake na ukimya wake. Usidhani nimeacha kuamini. Nimesoma vitabu vinene kumhusu Mungu, na ukitaka naweza kubishana upande wowote na nikashinda. Ila ningekuwa chini ya meza leo, nisingesogeza kigoda. Hilo ndilo linalonitisha.

Muda wangu wa majaribio unaisha mwisho wa Julai. Wakiniridhia watanipa mkataba wa kudumu.

Niambie, ulikuwa ukimwona kweli, au ilikuwa mazoea tu?

Wako,
Karani

*

Tarehe 12 Machi

Mwanangu Karani,

Marahaba. Usishangae mwandiko. Kidole changu cha sindano kimevimba, kwa hiyo mimi nasema, na Fundi Viatu wa hapa jirani anaandika. Ameacha kiatu cha mtu kwenye kalibu kwa ajili yako, mwombee mwenye kiatu asije akaja mapema.

(Mimi Fundi Viatu naandika tu, sichangii neno. Ila kama mwandiko unakupendeza, ni wangu.)

Ameandika nini hapo? Anacheka. Fundi, andika ninayosema.

Umeniuliza kama nilikuwa namwona. Mwanangu, mimi sikusoma kama wewe. Baba yako ndiye aliyekuwa na kichwa cha kusoma, na alipofariki akaniachia wewe na lile sanduku la kalamu. Siku ya kwanza ulipoingia karakana yangu ulikuwa na miaka sita na hukusema neno mpaka jua lilipotua. Siku hiyo nilikunja karatasi nikijiuliza nitamleaje mtoto huyu, mimi ambaye hata paka alinikimbia. Nikasikia karatasi nyepesi mikononi, kama kuna aliyeinua upande wa pili. Nikasema asante. Sijaacha tangu siku hiyo. Kama ni mazoea, basi hata kupumua ni mazoea.

Hoja za vitabu sina. Nina kazi ya kukupa. Ndani ya bahasha hii kuna mikunjo minne, nimeikunja mwenyewe, kila mmoja una kurasa kumi na sita. Jumla sitini na nne. Kila siku jaza ukurasa mmoja: pale ulipoona ameshika upande wa pili. Usiniletee mahubiri. Kitu cha siku hiyohiyo, kinachoshikika. Siku usiyoona kitu, andika "Hakuna." Usiidanganye karatasi. Ukimaliza nirudishie, nitakushonea liwe daftari.

Jambo lingine. Mwenye duka la vifaa vya ofisi anaitaka karakana aweke mashine za fotokopi. Nimemwambia angoje mpaka mwisho wa Julai, tujue mkataba wako. Ukikaa huko, nitampa funguo, nami nipumzike. Mikono imefanya kazi ya kutosha. Usiniandikie kunihurumia, jaza kurasa.

Shangazi yako

(Kiatu kimeshika gundi vizuri. Amekwisha kuombewa bila shaka. F.V.)

*

Tarehe 11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Kidole kimepoa? Ni mwezi sasa. Usikifiche kwenye maji ya chumvi ukasema kimepona, nenda kwa muuguzi.

Niko ukurasa wa ishirini na saba. Siku za kwanza nilijisikia mjinga, kama mtu aliyeambiwa amtafute anayejificha wakati hakuna anayecheza. Lakini nisikilize.

Siku ya nne nilikuwa nafumua kitabu cha zaidi ya miaka mia. Ndani ya mgongo, kwenye gundi kavu, nilikuta unywele mmoja. Mweusi, mrefu. Ulikuwa wa mjalidi aliyekishona, aliinama juu ya kazi yake ukaanguka na hakujua. Nilikaa na unywele ule robo saa. Nikaurudisha nilipoukuta na kupaka gundi mpya juu yake.

Siku ya tisa. Pale mlangoni kuna mzee anayepokea makoti yetu yakiwa yameloa mvua. Kila koti hukunja mikono yake ndani kabla ya kulitundika. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Limekubeba njiani mama, na lenyewe lipumzike." Akacheka mpaka akakohoa.

Siku ya ishirini mpangaji mwenzangu, ambaye hatusemezani tangu ugomvi wa sabuni, aliniachia maji ya moto kwenye birika na sahani juu yake yasipoe.

Ndivyo vitu nilivyo navyo. Ni vidogo mno, kuna siku naviona haya. Lakini jana nilipokuwa nakunja karatasi, mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Sikusema kwa sauti. Ulifunguka tu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipa penseli niweke alama kwenye kichwa cha kila mkunjo, ili usishone ukurasa juu chini? Uliniambia hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote karakanani, nami nikaamini, nikawa nabana penseli mpaka inavunjika. Sasa najua ungeweza kuona mwenyewe bila alama yangu yoyote. Ulinipa kazi ili niwe mtu.

Karani wako

*

Tarehe 19 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Kurasa sitini na nne hizi hapa. Sikuweka alama za penseli, samahani, niliziona za kitoto, na wewe huzihitaji. Namba ziko chini ya kila ukurasa.

Kazi inaendelea vizuri.

Ukisoma, usinijibu kuhusu mkunjo wa tatu. Ushone tu.

Karani

*

Tarehe 8 Juni

Mwanangu,

Daftari lako hili hapa. Nilimfukuza Fundi nikamwambia leo sitaki mtu mezani, hili nitalishona peke yangu toka mwanzo hadi mwisho. Jalada ni kile kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye begi lako la shule, nilikitunza. Uzi ni wa kitani, nimeupaka nta mara mbili. Sasa Fundi amerudi ndipo tunaandika.

Sikusoma. Fundi alitaka kunisomea...

(Sikutaka! Niliuliza tu kama anataka.)

... nikamkataza. Barua ni zangu, ila daftari ni lako na aliyelijaza pamoja nawe. Lakini nililipima mkononi likiwa tayari, na nikasema asante yangu ya mwisho. Linafunguka na kulala vizuri, sivyo? Niambie kama linalala vizuri.

Kidole hakijambo. Mwenye duka amepita na futi yake kupima kuta. Amesema mashine kubwa itakaa pale ilipokaa meza. Nikamwambia meza ile ikiondoka aiondoe taratibu, mguu mmoja una chaki.

Shangazi yako

*

Tarehe 20 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Limefika. Linalala vizuri.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nimekaa nalo siku mbili na siwezi. Ungeniambia tu. Ungemwambia Fundi aandike mstari mmoja: "Karani, nimesikitika." Ningebeba. Lakini kushona mkunjo wa tatu kichwa chini! Wewe, ambaye katika miaka yote niliyokaa chini ya meza yako hukuwahi kukosea hata ukurasa mmoja. Nilifungua, nikapita siku ya thelathini na mbili, nikakuta maneno yangu yamesimama kwa vichwa vyao, namba ziko juu, kurasa kumi na sita nzima, na mengine yote yako sawa. Uliniambia hukusoma, lakini nilielewa mara moja kwamba ulisoma. Nimepinduliwa.

Basi acha niseme kwa mdomo wangu, kwa kuwa umekwisha kusoma. Tarehe kumi na saba Aprili walinihamisha kutoka chumba cha kutengeneza. Sasa kuna mashine inayosoma vitabu kwa taa, lakini haiwezi kusoma kitabu chenye mgongo. Kwa hiyo kuna kisu kikubwa cha kubonyeza kwa mguu, na mtu wa kukibonyeza ni mimi. Naweka kitabu, nabonyeza, mgongo unaanguka kwenye ndoo. Nyuzi, gundi, kila kitu. Kurasa zikishasomwa zinaenda kusagwa. Siku ya kwanza nilikata arobaini na viwili. Niliangalia kama kuna nywele. Siku ya pili sikuangalia.

Siku kumi na moja nzima niliandika "Hakuna." Uliniambia nisiidanganye karatasi, sikuidanganya. Na wewe ukanijibu kwa sindano.

Sikukuambia kwa sababu nilijua ungenitazama vile ulivyomtazama yule mteja aliyechana kitabu cha sala kufungia misumari. Sasa nimetazamwa. Sawa. Wameniridhia hapa, wanasema nina mkono thabiti. Mkataba uko mezani kwangu. Mpe mwenye duka funguo, na usinisubiri kwa lolote.

Karani

*

Tarehe 29 Juni

Kwa binti yetu Karani,

Salamu nyingi. Hii naandika mimi Fundi Viatu kwa niaba yangu mwenyewe, na shangazi yako hajui. Mimi na yeye ni majirani wa ukuta mmoja mwaka wa ishirini na tano sasa, na nilimwapia sitakuambia. Leo navunja kiapo. Mke wangu amesema nisipovunja mimi atavunja yeye, na yeye hana staha.

Kidole hakikuvimba. Shangazi yako haoni.

Sikiliza vizuri. Ni presha ya macho. Ilianza mwaka juzi pembeni, akawa anagonga mlango uliokuwa wazi, tunacheka. Daktari wa macho akasema kilichokwenda hakirudi, tulinde kilichobaki. Kilichobaki ni mwanga wa dirishani na vivuli. Herufi hazioni tangu mwaka jana mwishoni. Anafanya kazi kwa vidole. Namtungia uzi kwenye sindano, namwonyesha kichwa cha ukurasa kiko wapi, basi, yaliyobaki anayafanya kuliko wenye macho manne. Daftari lako alinikataza nisiliguse. Alisema, "Hili la Karani nitalijua kwa mkono." Akakunjua mikunjo, akaishika, akainusa hata. Nadhani mmoja uligeuka alipoinuka kumfungulia mtu mlango. Karatasi yako ni tupu pembeni juu na chini sawasawa. Kidole kingejuaje?

Alipatwa mwezi wa pili na jambo kama hilohilo. Daftari la hospitali la watoto wanaozaliwa, mkunjo mmoja aliushona juu chini nami sikuwepo. Akajua siku mkunga mkuu alipokuja nalo. Shangazi yako akasimama pale kama mtoto aliyevunja chungu. Mkunga akasema, "Mama, hakuna kosa, kwani watoto wenyewe huja vipi? Si kichwa chini?" Tulicheka wote, yeye pia. Lakini jioni nilimsikia kupitia ukutani akikunja karatasi, na hakusema asante. Ndipo alipoanza kumkubalia yule mtu wa fotokopi.

Sasa dhambi yangu. Barua yako ya tarehe ishirini nilisoma kwanza kimoyomoyo, kama niliona mbali. Nikamsomea hivi: "Shangazi, daftari limefika, linalala vizuri, nimefurahi sana, kazi njema, Karani." Akasema, "Basi? Yote hayo kurasa tatu?" Nikasema una mwandiko mkubwa.

Mungu anisamehe na wewe unisamehe. Hakusoma neno lako hata moja. Hakukupindua. Alikushonea gizani, akiwa na furaha.

Mimi,
Fundi Viatu

*

Tarehe 30 Juni

Karani mwanangu

naandika mwenyewe kwa kufuata rula mstari mmoja ukipanda juu ya mwenzake usijali

Jana nimesikia Fundi akilamba bahasha. Hana wa kumwandikia duniani ila wewe. Nimemkalisha leo asubuhi nikamwambia asome ile barua yako tena, yote, hata akilia. Alilia.

Sasa nimesikia.

Kisu hata mimi ninacho. Kila kitabu nilichokipendezesha nilikikata kingo tatu kwanza. Ulifanya uliloajiriwa na ukaandika ukweli, wala mimi si wa kukutazama vibaya, hata macho ya kukutazamia sina. Cheka kidogo.

Kilichoniuma ni mkunjo. Miaka thelathini na mbili, mwanangu, halafu nikosee lako. Siku ile nilidhani ameshika upande wa pili kweli. Nilimsikia kabisa. Na kumbe nilikuwa nashona juu chini.

Hapo ndipo nimejua nimefika. Mwenye duka anakuja tarehe mosi Agosti kuchukua funguo. Daftari jipya la hospitali litakuwa kazi yangu ya mwisho. Usije. Ukija sasa utakuja kwa huruma, na mimi sijawahi kula huruma ya mtu. Tia sahihi mkataba wako.

Shangazi

*

Tarehe 29 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii haijapita posta. Fundi anakusomea, na amenipa neno lake kwamba leo haruki mstari.

(Siruki. F.V.)

Kwanza daftari. Nilipopata barua yako nilikaa nalo na wembe, nifumue mkunjo wa tatu niushone upya. Ni kazi ya dakika ishirini, unajua. Lakini ili nione uzi unapopita ilibidi nigeuze daftari zima, na nilipoligeuza kurasa zile zikasimama sawa mbele yangu, na nikazisoma. Sikuwa nimezisoma tangu nizijaze. Unajua mtu haangalii nyuma kwenye siku kama zile. Kama ungezishona vizuri ningeziruka maisha yangu yote.

Siku ya thelathini na nne: "Hakuna. Mzee wa makoti ameniuliza mbona nimekonda, akanigawia nusu ya ndizi yake."

Siku ya thelathini na saba: "Hakuna. Mpangaji mwenzangu amekaa na mimi jikoni, hakuuliza kitu."

Siku ya arobaini: "Hakuna. Kitabu kimoja kilikwama kwenye kisu, hakikukatika. Nimekificha chini ya koti."

"Hakuna" kumi na moja, Shangazi, na nane kati ya hizo niliweka nukta halafu nikaendelea kuandika. Nilikuwa namtaja kwa mkono na kumkana kwa neno moja. Nilisoma pale sakafuni, daftari likiwa juu chini, mpaka taa za barabarani zikawaka. Umeniambia ulimsikia akishika upande wa pili siku ile, kisha ukajilaumu kwa kumsadiki. Mimi nimeshika hicho ulichokishona. Sisemi zaidi, maana ulinikataza mahubiri.

Sikuufumua. Umebaki ulivyo.

Ya pili ni hii ya leo. Tangu asubuhi umekuwa ukimwona Fundi mtu wa ajabu. Anaingia, anachukua mikunjo ya daftari la hospitali, anasema "nakwenda kuihesabu," anatoka, anarudi baada ya muda. Fundi hajui hata kuhesabu jozi za viatu.

(Huo ni uongo lakini nausoma.)

Alikuwa ananiletea mimi. Niko hapa kwake, Shangazi, kwenye benchi la wateja, nimeegemea ukuta wenu. Nimeshika msharasi wake, ule wa kutobolea ngozi, na kwenye kichwa cha kila mkunjo, karibu na mgongo, natoboa tundu dogo. Moja tu, lisiloonekana na mwenye macho, ila linalosikika na kidole. Penseli ilikuwa ya enzi zako za kuona. Ningejua, ningetoboa hivi mwezi wa tano.

Nimekusikia. Kuta za huku ni nyembamba kama zamani. Mikunjo sita ya kwanza ilikuwa kimya. Shwaa, kimya, shwaa, kimya. Wa saba ukasimama. Nikajua kidole gumba chako kimefika kwenye tundu. Ukarudi kwenye ile iliyopita, ukapekua, nikasikia karatasi. Halafu ukapaza sauti:

"Fundi! Nani ametoboa hizi?"

"Labda panya."

"Panya gani anayejua kichwa cha ukurasa?"

Fundi alikuwa amejiziba mdomo kwa brashi ya kiatu, sasa ana masharubu ya rangi nyeusi. Kisha mfupa ukapita, polepole kuliko zote, na baada yake nikasikia lile neno. Sikuwa nimelisikia miaka mingi. Nimechora mstari wa chaki ukutani kwa Fundi, na mingine kumi na minne baada ya huo.

Ya mwisho. Sikukuuliza kwa kuwa najua jibu lako. Uliandika kwamba nikija nitakuja kwa huruma. Nilikaa na neno hilo wiki nzima, nikajichunguza kama ninavyochunguza karatasi iliyooza. Huruma ipo kidogo, siidanganyi karatasi. Lakini chini yake kuna kitu kikubwa zaidi, nacho ni choyo. Nataka meza ile. Nataka upande wa pili wake, pale nilipokuwa sithubutu kukaa. Wewe una mikono ambayo sitaipata hata nikisoma miaka mia, na mimi nina macho ambayo wewe huna, na kule ghorofa ya sita mikono yangu na macho yangu vilikuwa vinakitumikia kisu.

Mkataba niliurudisha mezani kwao tarehe kumi na tano bila sahihi. Mkuu wangu alidhani nimesahau, akanipa kalamu. Kitabu kile kilichokataa kukatika nilikwenda kumwonyesha, nikamwambia nilikificha, nikamwomba ruhusa nikitengeneze kabla sijaondoka. Alinitazama sana, akasema nichukue siku tatu. Kimerudi rafuni kikiwa na mgongo mpya. Mzee wa makoti alinikunjia koti langu mara ya mwisho, akalifunga kwa kamba kama zawadi.

Nimefika jana alasiri, nimelala kwa mke wa Fundi, ambaye kweli hana staha, alitaka kukuita palepale. Asubuhi kabla hujafungua nilikwenda kwa mwenye duka la vifaa vya ofisi. Nilimwambia karakana haichukuliwi, kuna mtu wa kuifanyia kazi. Akauliza, "Nani?" Nikasema, "Karani wake." Akanuna, kisha akaniuliza kama tunaweza kumshonea madaftari mia mbili ya risiti. Nikamwambia aje Jumatatu aongee na wewe, kazi tunazozipokea huamua Shangazi.

Mzigo wangu uko nyuma ya mlango wa Fundi. Kigoda nimekibeba chini ya kwapa, kile cha zamani, kumbe mke wa Fundi alikuwa anakikalia akichambua mboga. Fundi akimaliza mstari huu usiseme kitu, usiinuke, utaangusha gundi.

Nimekwisha toka kwake. Niko mlangoni kwako.

Karani